Mkono mzito, ndege nzito: mwongozo wa kutunza nishati kwenye gemu za vita vya angani

"Kaka, mbona mimi nikikata kona mbili tu ndege inakufa, na yule adui bado anapaa?"

Swali hili naulizwa na karibu kila kijana wa Mwanza anayeanza War Thunder, IL-2 au DCS. Linatoka Nyegezi, linatoka Buzuruga, linatoka kwa wanafunzi wa Malimbe wanaocheza usiku chumbani. Wengi wanaamini adui amepewa ndege bora. Mara nyingi sivyo. Ndege zenu zinakaribiana, ila wewe unavuta fimbo mpaka mwisho kila unapomwona mtu, na mwenzako anavuta kiasi ambacho injini yake inaweza kukirudisha.

Nimeandika kwa ajili ya ndege za pangaboi za Vita Kuu ya Pili, kwa sababu ndizo zinazofundisha haraka. Spidi zote hapa ni kilomita kwa saa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Gemu moja na ndege moja. War Thunder ni ya bure. DCS World nayo ni ya bure na inakuja na ndege mbili: Su-25T, na TF-51D ambayo ni Mustang ya mafunzo isiyo na silaha. Kwa mazoezi ya hapa, hiyo TF-51D inatosha kabisa. IL-2 ni ya kununua. Gemu hizi ni makumi ya gigabaiti, kwa hiyo subiri bando la usiku au nenda na diski kwa rafiki mwenye intaneti ya faiba.
- Joistiki, yaani fimbo ya kuendeshea ndege, hata ya bei ya chini. Kipanya kinafanya kazi War Thunder, lakini ukitumia kipanya gemu lenyewe linakusaidia kushika ndege, na msaada huo unakuficha mtetemo ambao ndio unaotakiwa kuujua.
- Spidi, kimo na G vionekane. G ni mara ngapi ya uzito wake wa kawaida bawa linabeba: kuruka sawa ni G 1, ukivuta kona inapanda. War Thunder ikiwa imewashwa, fungua kivinjari kwenye kompyuta hiyo hiyo na uandike localhost:8111. Vipimo vya ndege vitatokea. Kwenye simu iliyo kwenye wifi ileile, weka anwani ya kompyuta yako badala ya neno localhost. Simu ikikaa kando ya skrini, umepata dashibodi.
- Daftari na kalamu. Usiliruke hili. Namba za ndege yako usipoziandika, kesho utakuwa unakisia tena.

Ndege moja maana yake ndege moja. Anayebadilisha Spitfire, Zero na P-47 ndani ya jioni moja hatajua kosa ni la ndege au la mkono wake.

Nadharia, ile ya lazima tu

Ndege inabeba nishati kwa njia mbili: kimo na spidi. Ukishuka mteremko wa Bugando na baiskeli bila kukanyaga pedali, kimo kinageuka spidi. Ukikuta mwinuko mbele, spidi inageuka kimo tena, lakini hufiki usawa ule ulioanzia, kwa sababu njiani kuna vilivyokula sehemu yake. Angani, mlaji mkubwa ni ukinzani wa hewa.

Thamani ya spidi ukiigeuza kuwa kimo, bila kuhesabu injini wala ukinzani, ni hii:

- 300 ni kama mita 350
- 400 ni kama mita 630
- 500 ni kama mita 980
- 600 ni kama mita 1,400

Tazama namba hizo vizuri. Kutoka 300 kwenda 400 unapata mita 280. Kutoka 500 kwenda 600 unapata zaidi ya mita 400. Mtu aliye mita 1,000 akienda 600 ana nishati sawa na aliye mita 2,060 akienda 300. Ndiyo maana kumtazama adui kwa kimo peke yake kunawaponza watu: yupo chini yako, unaona umeshamshinda, kumbe ana spidi ya kukufuata huko huko juu.

Walioliweka jambo hili kwenye hesabu za kivita ni rubani wa Marekani John Boyd na mwanahisabati Thomas Christie, miaka ya 1960. Hesabu zao huzihitaji leo. Unachohitaji ni kujua ukinzani unatoka wapi, nao ni wa aina mbili.

Wa kwanza unatokana na umbo la ndege kupasua hewa. Spidi ikiongezeka mara mbili, ukinzani huu unakuwa mara nne. Magurudumu, flapu (vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa), redieta ya kupoza injini ikiwa imefunguliwa, mabomu na matangi ya nje, vyote vinauongeza.

Wa pili unazaliwa na bawa linapobeba uzito. Huu ndio unaowamaliza wanaoanza. Kwa spidi ileile, ukivuta G 2 unakuwa mara nne ya ule wa kuruka sawa. Ukivuta G 4 unakuwa mara kumi na sita. Na kadiri spidi inavyoshuka ndivyo unavyozidi, wakati wewe umekaza fimbo ukidhani unamsogelea adui.

Hatua kwa hatua

Fanya hatua ya 1 hadi ya 6 peke yako, bila adui, kwenye safari ya majaribio ya gemu. Usiende mtandaoni kabla hujazimaliza.

1. Tafuta spidi ambayo ndege yako inaporomoka.
Panda mpaka mita 2,000 juu ya ardhi. Rudisha gesi yote nyuma, kisha shikilia kimo hichohicho kwa kuvuta fimbo taratibu. Spidi itashuka, ndege itaanza kutetemeka, halafu pua itaanguka au bawa moja litalala. Spidi uliyoiona mtetemo ulipoanza, iandike.

Sasa izidishe mara mbili. Hiyo ndiyo spidi ndogo kabisa ambayo ndege inaweza kuvuta G 4. Tuseme umepata 160: basi G 4 inaanzia 320, na G 6 inaanzia karibu 390. Ukiwa 250, bawa lako halina zaidi ya G 2.4 hivi. Hata ukiivuta joistiki mpaka ivunjike, hakuna kona kali utakayopata hapo. Utapata ukinzani na kuporomoka tu. Namba hii moja inajibu nusu ya maswali ninayoulizwa.

2. Safisha ndege.
Ukisimama Ilemela ukatazama ndege zinazokuja kutua uwanja wa Mwanza, utaona zimeshusha flapu na magurudumu. Rubani anautaka ukinzani, anaununua kwa makusudi ili apunguze mwendo. Wewe ukiingia vitani unataka kinyume chake. Kwa hiyo kagua:

- Magurudumu yamefungwa mpaka mwisho. Subiri taa au kipimo kithibitishe.
- Flapu ziko juu. Kwenye Spitfire flapu zina hali mbili tu, juu kabisa au chini kabisa, na hizo za chini ni za kutua, usiziguse vitani. Kwenye Bf 109 na P-51 zinashuka kidogo kidogo, na kiasi kidogo kinaweza kukusaidia kwenye kona ya mwisho. Kidogo, kisha rudisha.
- Redieta. Kama unaiendesha kwa mkono, ifungue ukipanda polepole na uibane ukienda kasi, macho yako kwenye joto la maji na mafuta. Redieta iliyosahauliwa wazi inakuibia spidi safari nzima bila kelele.
- Gololi ya kwenye dashibodi iwe katikati. Ikikaa pembeni, ndege inakwenda ubavu na mwili mzima unapigana na hewa. Kanyaga pedali ya upande ambao gololi imeangukia.
- Mabomu na matangi ya nje yaachie kabla hujapigana.

3. Mduara wa kwanza: vuta mpaka mwisho.
Anza mita 2,000, spidi 400, gesi yote. Laza ndege ubavu, vuta kwa nguvu uzunguke mduara mmoja mzima bila kupoteza kimo. Ukirudi ulikoanzia, soma spidi na uiandike. Usishangae ikiwa imeshuka sana. Sikiliza pia: mtetemo, mlio wa hewa, na kwenye Bf 109 vibawa vidogo vya mbele ya bawa vinavyofunguka vyenyewe pindi bawa linapokaribia kikomo. Ukiviona vimetoka, jua uko kwenye matumizi makubwa.

4. Mduara wa pili: vuta kiasi cha kubaki na spidi.
Rudi 400, mita 2,000. Safari hii vuta mpaka spidi ianze kushuka, kisha legeza kidogo mpaka itulie. Zunguka. Itatulia kwenye namba fulani, na hiyo ndiyo spidi ambayo injini yako inaweza kuilipia kona siku nzima. Iandike karibu na ile ya hatua ya 1.

Rudia hatua ya 3 na ya 4 mpaka mkono wako uzijue bila kutazama kipimo. Hapa ndipo ninapotaka utumie muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Hatua zinazofuata ni namna za kutumia hisia unayojenga hapa, na mtu asiye nayo anaweza kukariri mbinu zote na bado akabaki bila spidi kila pambano.

*Angalizo:* mduara wa hatua ya 3 haukatazwi. Kuna wakati unauhitaji, mfano risasi za adui zinapokuja na una sekunde mbili za kukwepa. Tatizo ni kuutumia bila kujua umelipa nini.

5. Badilisha spidi kuwa kimo.
Shuka mpaka ufike 500, nyoosha ndege, kisha panda mpaka spidi ifike 300. Andika umepata mita ngapi. Hesabu tupu inasema kama 630. Injini inaongeza, ukinzani unapunguza.

Fanya tena kwa namna mbili. Mara ya kwanza ing'oe pua kwa ghafla. Mara ya pili ianze taratibu, G 2.5 au 3 hivi, mpaka pua ifike pembe unayoitaka. Mara ya pili utafika juu zaidi, kwa injini ileile na mafuta yaleyale. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo bei ya kuvuta kwa hasira.

*Angalizo:* usingoje spidi iishe juu. Ukifika 250 laza ndege ubavu uache pua ishuke yenyewe. Ndege iliyosimama wima bila spidi ni shabaha.

6. Pumzisha bawa.
Ukiwa 250 na unataka spidi haraka, usishuke wima. Sukuma fimbo mbele kidogo mpaka ujione kama unaelea, G ikaribie sifuri, gesi yote. Bawa halibebi kitu, ule ukinzani wa aina ya pili unakaribia kutoweka, na spidi inapanda upesi huku kimo kikipungua kidogo tu. Shikilia sekunde chache, nyoosha. Tendo hili dogo linaokoa ndege nyingi, na karibu hakuna anayeanza anayelitumia.

Kwenye ndege nyingi za zamani zenye kabureta ya kawaida, kama Spitfire za mwanzo, ukisukuma zaidi ya hapo injini inakohoa kwa kukosa mafuta. Sukuma kidogo.

7. Shambulia kutoka juu, na uondoke.
Sasa unaweza kuingia mtandaoni. Panda kwanza, mbali na vita. Mjerumani Oswald Boelcke aliwaandikia marubani wenzake kanuni mwaka 1916, na ya kwanza ilikuwa kuwa na nafasi bora kabla ya kushambulia. Ndege zimebadilika, kanuni hiyo haijabadilika.

Ukiwa na mita 1,000 juu ya adui, shuka kwa pembe ya wastani. Piga ukiwa karibu. Akikata kona, usimfuate. Nyoosha mabawa, vuta taratibu kama hatua ya 5, rudi juu. Kumwacha mtu aliyekuwa mbele ya pua yako ni kugumu, najua, lakini sekunde nne za kumfukuza kwenye kona zinakula kimo ulichokitafuta kwa dakika kadhaa.

*Angalizo:* usishuke na gesi yote mpaka ndege ikatae kuinuka. Bf 109 fimbo yake inakuwa ngumu kwenye spidi kubwa. Zero inakuwa nzito kulala ubavu. P-38 ikipiga mbizi kutoka juu sana inaweza kushikwa na hewa iliyobanana, na pua isitii.

8. Ukimkaribia kwa kasi mno, panda.
Adui anakata kona, wewe una spidi kubwa na utampita. Usivute zaidi. Inua pua, laza ndege upande wake, mtazame kupitia juu ya kichwa, kisha shuka ndani ya mduara wake. Spidi ya ziada umeiweka juu kama kimo na umeirudisha ukishuka, badala ya kuichoma kwenye kona.

9. Jua mlango wa kutokea.
Kabla ya kila shambulio amua utaondokea wapi. Spidi yako ikishuka chini ya ile ya hatua ya 4 na adui bado mzima, pumzisha bawa, shuka pembe ndogo, ondoka moja kwa moja. Usigeuke nyuma kuangalia kwa kukata kona, tumia kichwa.

Matatizo ya kawaida

*Nikivuta, ndege inabiringita ghafla na kuzunguka.* Umezidi kikomo cha bawa, na mara nyingi gololi haikuwa katikati. Legeza fimbo kwanza. Ikiwa imeshaanza kuzunguka, gesi nyuma, pedali kinyume na inakozungukia, fimbo mbele kidogo, ikisimama vuta taratibu. Ikijirudia kila mara, punguza ukali wa joistiki kwenye mipangilio.

*Nina kimo cha mita 1,500 lakini nagonga milima.* Altimeta nyingi zinapima kutoka usawa wa bahari. Ufuko wa Ziwa Victoria wenyewe uko karibu mita 1,134 juu ya bahari. Ukisimama Kirumba na miguu yako majini, tayari una hizo. Kwenye ramani yenye ardhi iliyoinuka, toa usawa wa ardhi kwanza, ndipo ujue una kimo gani cha kutumia.

*Juu sana spidi inasoma ndogo, ndege imeharibika?* Hapana. Hewa ni nyepesi huko. Mita 6,000, kipimo kikisoma 400, kweli unakwenda karibu 545. Kwa kuporomoka na kuvuta, fuata ile inayosomeka kwenye dashibodi. Ila injini nayo ina nguvu kidogo juu ya kimo ilichotengenezewa, kwa hiyo kona za huko zinalipwa polepole.

*Spidi ya juu haifiki inayosemwa.* Rudi hatua ya 2. Redieta ndiyo ya kwanza kushukiwa, kisha tundu la risasi kwenye bawa, kisha mafuta mengi kuliko unayohitaji. Kwa pambano la dakika ishirini hujazi tangi.

*Nimepanda, na bado amenifikia.* Alikuwa na spidi usiyoiona. Safari ijayo, kabla ya kupanda, mtazame kwa sekunde mbili: anakua haraka kwenye kioo chako? Basi usipande wima mbele ya bunduki zake. Panda kwa pembe ndogo ukiwa mbali, au mkwepe kwanza apite.

*Fimbo inacheza yenyewe katikati.* Joistiki za bei ya chini zinachakaa. Weka eneo dogo lisilosoma katikati kwenye mipangilio. Mtetemo mdogo wa fimbo unahesabiwa na gemu kama kuvuta, na unakula spidi hata ukinyoosha.

*Adui anarukaruka, risasi zinampita.* Hiyo ni ping, yaani muda ambao taarifa inachukua kwenda kwenye seva na kurudi, kwa kuwa unacheza kwenye seva za mbali. Chagua seva yenye ping ndogo kwenye orodha, zima upakuaji mwingine, na jaribu kuweka simu karibu na dirisha kama unatumia hotspoti. Ping kubwa inaharibu shabaha kuliko inavyoharibu kuruka, na ndiyo sababu nyingine ya kupiga kutoka nyuma na karibu, ambako adui habadiliki sana kwenye skrini yako.

*Nimehamia jeti, kila kitu kimevurugika.* Jeti za mwanzo kama MiG-15 na F-86 zinafuata sheria hizihizi, ila injini zake zinachelewa kuitika gesi na spidi uliyoipoteza inarudi polepole. Rudia hatua ya 1 hadi ya 6 kwa jeti yako mpya, kwenye ukurasa mpya wa daftari, kabla hujaingia na watu.